Viwele vya Wingu: Historia ya Jina, Maelezo ya Sayansi na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Methali ya Waswahili isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu inabeba nadharia nzima ya utabiri. Inadai kwamba kilicho juu hutangulia kile kitakachoshuka, na kwamba mwenye macho anaweza kukisoma kabla hakijamfika. Hata hivyo methali hiyo haisemi ni mawingu yapi. Anga la Afrika Mashariki lina mawingu ya namna nyingi: mengine huleta mvua, mengine hupita tu, na mengine huonekana wakati mvua imekwisha kunyesha au inanyesha mahali pengine. Miongoni mwa hayo ya mwisho limo moja lenye umbo la ajabu. Upande wa chini wa wingu pana, ambao kwa kawaida ni tambarare au umechanika ovyo, huning'inia mifuko mingi ya mviringo iliyopangana kama maembe mtini. Jua la magharibi likiipiga kwa chini, mifuko hiyo hugeuka rangi ya dhahabu, kisha ya zambarau, na baada ya muda mfupi huyeyuka na kutoweka.

Wataalamu wa hali ya hewa huliita umbo hilo mamma, na wengi hutumia pia neno mammatus. Katika Kiswahili halina jina lililoenea. Mhadhara huu unakusudia kufuatilia historia ya jina hilo, kueleza jinsi mifuko hiyo inavyofanyika kwa kadiri sayansi ilivyofikia, na hatimaye kuuliza swali linalohusu taaluma ya Kiswahili moja kwa moja: je, jambo lililopewa jina la Kilatini na Wazungu wa karne ya 19 lazima libaki katika lugha hiyo mbele ya mkulima wa Kericho na mvuvi wa Ukerewe? Swali hilo si la mapambo. Mahali ambapo onyo la dhoruba hutolewa kwa Kiswahili, upungufu wa maneno ya kutofautisha wingu na wingu ni upungufu wa onyo lenyewe.

Mawingu katika msamiati wa pwani

Ni kosa kudhani kwamba Kiswahili kilisubiri vitabu vya jiografia ndipo kianze kuzungumzia anga. Maisha ya pwani yalitegemea pepo za msimu kwa karne nyingi. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Kati ya pepo hizo mbili palikuwa na maleleji, kipindi cha upepo usiotulia, ambacho nahodha mwenye busara hakukiamini. Matlai ulivuma kutoka upande wa mawio, na jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya kuchomoza. Umande, ambao kwa maana ya kwanza ni unyevu wa alfajiri juu ya majani, ulikuwa pia jina la upepo wa asubuhi utokao nchi kavu. Mwaka wenyewe ulihesabiwa kuanzia nairuzi, na siku zake ziligawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, hesabu iliyofuata jua kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo haukuweza kumwambia baharia wala mkulima masika yataanza lini.

Katika mfumo huo, upepo ulitangulia wingu. Msamiati wa pepo na majira ni mpana kuliko ule wa mawingu, na sababu yake si ngumu kuiona: tanga hupokea upepo. Hata hivyo maneno ya mawingu yapo na yanafundisha jambo. Mavundevunde ni mawingu yaliyotapakaa angani mapande mapande. Utando ni wingu jembamba lililowambwa kama ngozi juu ya ngoma. Ghubari ni wingu la mvua, na neno hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana katika Kiarabu asili yake ni vumbi. Mtu fulani, mahali fulani katika pwani hii au ng'ambo yake, aliliona wingu zito la mvua likija kama vumbi linalotimuliwa na kundi la farasi, na lugha ikakubali mfano wake. Hivyo ndivyo majina ya mawingu yanavyozaliwa popote duniani. Mtu hutazama juu, kisha hutafuta hapa chini kitu kinachofanana na alichokiona.

Howard na lugha ya Kilatini

Mpango wa kuyapa mawingu majina ya kisayansi ni wa karibuni kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1802, mjini Paris, Jean-Baptiste Lamarck alichapisha mpango wake wa kuyagawa mawingu katika aina chache zenye majina ya Kifaransa. Mwezi Desemba mwaka huo huo, mjini London, Luke Howard, mtengenezaji wa dawa aliyezaliwa mwaka 1772, alisoma mhadhara mbele ya chama kidogo cha wapenda sayansi. Mhadhara huo ulichapishwa mwaka 1803. Howard alidai kwamba mawingu, ijapokuwa hubadilika kila dakika, yana maumbo machache ya msingi, na kila umbo lina sababu yake. Aliyaita cirrus, yaani msokoto wa nywele. Cumulus, yaani chungu au lundo. Stratus, yaani tabaka. Na nimbus, wingu la mvua. Maumbo hayo yaliweza kuunganishwa ili kupata majina ya mawingu ya kati.

Majina ya Lamarck yalisahauliwa, na majina ya Howard yanatumika hadi leo. Wanahistoria wa sayansi hutoa sababu kadhaa, na mojawapo inahusu lugha. Howard alichagua Kilatini kwa makusudi, kwa kuwa kilieleweka na wasomi wa mataifa yote ya Ulaya na hakikuwa mali ya taifa lolote. Mwingereza mwenzake, Thomas Forster, alipopendekeza katika miaka ya 1810 kwamba majina hayo yafasiriwe kwa Kiingereza cha kawaida ili watu wa kawaida wayaelewe, Howard hakukubali. Kwake yeye, faida ya jina la Kilatini ilikuwa kwamba halibadiliki linapovuka mpaka.

Mabishano hayo ya Howard na Forster yanapaswa kuwa karibu na moyo wa kila mwanaistilahi wa Kiswahili, kwani ndiyo mabishano yale yale yaliyoendeshwa baadaye Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar. Upande mmoja unasema istilahi ya sayansi iwe ya kimataifa ili mtaalamu asipotee. Upande wa pili unasema istilahi iwe ya lugha ya watu ili watu wasipotee. Historia inaonyesha kwamba upande wa Howard ulishinda katika daftari za wataalamu. Haionyeshi kwamba upande wa Forster haukuwa na hoja.

Mwishoni mwa karne ya 19 palihitajika makubaliano ya mataifa. Ralph Abercromby, Mskoti, alisafiri kuizunguka dunia ili kuthibitisha kwamba mawingu ya nchi za joto ni yale yale ya Ulaya, na kwa kushirikiana na Hugo Hildebrand Hildebrandsson wa Uppsala, Uswidi, akaandaa mpango uliotangazwa mwaka 1887. Mwaka 1896 ilitoka Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu ya kwanza. Jambo moja kuhusu kitabu hicho halisemwi mara nyingi inavyostahili: majina yake yalikuwa ya Kilatini, lakini maelezo yake yalichapwa kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Waandalizi wake hawakuona mgongano wowote kati ya jina moja la wote na maelezo katika lugha hai za wasomaji.

Jina lenyewe la mamma

Wingu la mifuko lilikuwa na majina kadhaa kabla ya kupata hilo la sasa. Katika visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskoti, wenyeji waliliita kwa neno lao lenye maana ya wingu la mifuko, wakalihesabu kuwa ishara ya upepo mkali. Kasisi wa huko, Charles Clouston, aliyekuwa pia mtazamaji wa hali ya hewa, aliliandika jina hilo katika karne ya 19 na hivyo likaingia katika maandishi ya wataalamu. Upande wa pili wa Atlantiki, André Poëy, aliyesimamia kituo cha kutazama anga mjini Havana, aliliita globo-cumulus, kwa kufananisha mifuko hiyo na tufe. Kasisi mwingine, Mwingereza William Clement Ley, alitumia jina mammato-cumulus katika kitabu chake kuhusu mawingu kilichochapishwa mwaka 1894. Hilo ndilo lililodumu, ingawa lilipunguzwa na kubaki mamma.

Katika Kilatini, mamma ni ziwa la mwanamke au kiwele cha mnyama. Ufafanuzi rasmi wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unachagua maana ya pili: unafananisha mifuko hiyo na viwele vinavyoning'inia chini ya wingu. Kwa hiyo jina ambalo leo linasikika kuwa la kitaalamu na la mbali ni neno la kawaida kabisa la mkamuaji. Kinachomtenga msikilizaji ni lugha yake tu.

Ieleweke pia kwamba, katika mpangilio wa Atlasi, mamma si aina ya wingu inayojitegemea. Ni umbo la ziada linaloweza kutokea chini ya aina sita za mawingu, kuanzia yale membamba ya juu sana hadi yale ya chini. Linaloonekana zaidi, na lenye kuvutia zaidi, ni lile linalotokea chini ya wingu la radi, yaani cumulonimbus. Toleo la Atlasi la mwaka 2017, ambalo ni la kwanza kuandaliwa kwa ajili ya intaneti, liliongeza maumbo mapya ya ziada, likiwemo asperitas, lenye mawimbi kama bahari iliyopinduliwa, ambalo lilitetewa kwa miaka mingi na watazamaji wasio wataalamu. Orodha ya majina ya mawingu, basi, haijafungwa, na wasio wataalamu wamewahi kuifungua.

Namna viwele vinavyofanyika

Ili kuelewa kiwele cha wingu ni lazima kwanza kuelewa wingu la kawaida. Hewa yenye unyevu inapopanda hupanuka, na inapopanuka hupoa. Hewa kavu hupoa kwa takriban nyuzi 9.8 za Selsiasi kwa kila kilomita moja inayopanda. Ikifika mahali ambapo haiwezi tena kubeba mvuke wake wote, sehemu ya mvuke hugeuka matone. Mgeuko huo hutoa joto, na joto hilo huifanya hewa iwe nyepesi zaidi kuliko jirani zake, nayo huendelea kupanda. Ndiyo sababu kichwa cha wingu la mvua hufura kama ua la koliflawa: kila uvimbe ni donge la hewa linalopanda.

Wingu la radi hupanda hivyo mpaka ligonge tabaka ambalo hewa yake haipoi tena kwa kupanda. Katika nchi za joto dari hilo liko karibu kilomita 16 hadi 18 kutoka usawa wa bahari. Hapo wingu, likiwa sasa limejaa chembe za barafu, hukosa njia ya juu na kutandaa pembeni, likapata umbo la fuawe ya mhunzi. Fuawe hiyo huweza kuenea makumi ya kilomita, mbali kabisa na mahali mvua inaponyesha. Viwele huota chini yake.

Kwa lugha nyepesi, kiwele ni koliflawa iliyopinduliwa. Ni donge la hewa ya wingu linaloshuka badala ya kupanda. Lakini hapa pana fumbo, kwa kuwa hewa inayoshuka hubanwa, na inayobanwa hupata joto. Donge la hewa kavu likishuka kilomita moja linapata joto la nyuzi 9.8, linakuwa jepesi kuliko hewa inayolizunguka, na kwa kawaida husimama. Ni nini basi kinachoifanya hewa hiyo iendelee kushuka?

Jibu lenye nguvu zaidi linapatikana katika mtungi wa maji. Kila nyumba iliyowahi kuwa na mtungi wa udongo inajua kwamba maji yake huwa baridi hata katika joto la mchana, kwa sababu maji yanayopenya udongo na kukauka nje huchukua joto la mtungi. Chembe za barafu zinazoanguka kutoka chini ya fuawe na kuingia katika hewa kavu hufanya vivyo hivyo. Hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka kwanza, na kila gramu moja ya barafu inayogeuka hivyo huchukua joto la takriban jouli 2,830. Gramu moja tu katika kilo moja ya hewa inatosha kuipoza hewa hiyo kwa karibu nyuzi 2.8. Kwa hiyo donge linaposhuka na kutaka kupata joto, barafu iliyomo hulirudisha katika ubaridi, nalo hubaki zito kuliko jirani zake na kuendelea kushuka. Barafu ikiisha, mfuko hufifia.

Jibu hili halikuwa pekee. Mwaka 2006 David Schultz na wenzake walichapisha makala ndefu iliyopitia maelezo yote yaliyokuwa yamependekezwa, wakapata karibu kumi. Miongoni mwake palikuwa na uzito wa chembe zenyewe zinazoanguka, kupoa kwa mionzi, mawimbi ya hewa chini ya fuawe, na kuchanganyika kwa hewa ya wingu na hewa kavu iliyo chini yake. Walikusanya pia vipimo: mfuko mmoja kwa kawaida una upana wa kilomita 1 hadi 3, huning'inia kwa takriban nusu kilomita, na hudumu kwa wastani wa dakika 10, ingawa kundi zima la mifuko huweza kuonekana kwa dakika 15 hadi saa kadhaa. Mwaka 2008 Katharine Kanak, Jerry Straka na Schultz waliunda wingu hilo ndani ya kompyuta. Walipoiondoa athari ya barafu kugeuka mvuke, viwele havikutokea. Waligundua pia kwamba athari hiyo peke yake haitoshi, kwani ni lazima pawe na tabaka la hewa kavu chini ya wingu ambalo joto lake hubadilika kwa kiasi kile kile cha hewa kavu inayopanda na kushuka, ili donge linaloshuka lisizuiwe njiani.

Hata hivyo maelezo hayo hayafungi mlango. Viwele vimeonekana pia chini ya mawingu ya majivu ya volkano, kama ilivyokuwa mlima wa St. Helens, Marekani, ulipolipuka mwezi Mei 1980. Hilo linaashiria kwamba zaidi ya njia moja inaweza kuzaa umbo lile lile. Ni jambo la kufikirisha kwamba jina limekuwepo tangu karne ya 19 ilhali maelezo yake yalianza kukaza katika karne ya 21. Lugha ilitangulia sayansi kwa zaidi ya miaka 100, na bila jina hilo watazamaji wasingeweza kukusanya habari ambazo sayansi ilikuja kuzihitaji.

Anga la Ziwa na la nyanda za juu

Kama viwele hutundikwa chini ya fuawe za mawingu ya radi, basi Afrika Mashariki ni nchi yao. Ziwa Viktoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, ni mojawapo ya mahali penye ngurumo nyingi zaidi duniani. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya radi hupanda juu ya ardhi. Usiku upepo hugeuka, pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, na dhoruba huzuka juu ya maji, wakati ule ule ambapo wavuvi wa dagaa wako huko na taa zao. Katika nyanda za juu za Kericho na Nandi, mvua ya mawe huchana majani ya chai mara nyingi kiasi kwamba, kuanzia miaka ya 1960, palifanywa majaribio ya kunyunyizia mawingu kemikali ili kuipunguza.

Utazamaji rasmi wa anga hilo uliratibiwa kuanzia mwaka 1929, serikali ya kikoloni ilipounda idara moja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki. Idara hiyo ilirithiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki na kugawanyika Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Kwa miaka hiyo yote lugha ya daftari ilikuwa Kiingereza, na majina ya mawingu yalikuwa ya Kilatini. Karani wa kituo cha bara aliyetazama juu kila saa aliandika cumulonimbus. Alichowaambia majirani zake jioni, walipomwuliza habari za mvua, hakikuandikwa popote.

Hapa ndipo thamani ya neno inapopimika. Viwele vinaogofya kwa sura, na katika nchi nyingi watu huamini kwamba ni ishara ya kimbunga kinachokuja. Imani hiyo si sahihi. Viwele havileti upepo wala mvua, na mara nyingi huonekana dhoruba ikiwa imekwisha kupita au iko kando. Kinachosemwa na viwele ni kwamba wingu kubwa la radi liko karibu au lilikuwa karibu, na kwa hiyo rubani hukaa mbali, naye mwenye mtumbwi hutazama pande zote kabla ya kusukuma majini. Tofauti kati ya wingu linalokuja na fuawe ya wingu linalokwenda zake ni tofauti kati ya kurudi ufukoni na kuendelea. Atakayeieleza tofauti hiyo redioni kwa Kiswahili anahitaji maneno mawili, na kwa sasa analo moja: mawingu.

Suala la istilahi

Wanaistilahi wa Kiswahili wana njia tatu kuu zinazojulikana. Ya kwanza ni kutohoa. Kwa njia hiyo tunapata mamatusi, kama vile vitabu vya shule vinavyotohoa majina mengine ya Howard. Neno hilo ni fupi na linamrudisha mtaalamu kwenye Atlasi bila kupotea, lakini halimwambii mkulima lolote. Zaidi ya hayo, sikio la Kiswahili litasikia ndani yake neno matusi, na hakuna mtangazaji atakayelitamka bila wasikilizaji kucheka.

Njia ya pili ni kutafsiri neno kwa neno. Mamma ikifasiriwa kwa maana yake ya kwanza tutapata neno ambalo adabu ya Waswahili hailitaki katika taarifa ya habari mbele ya wazee na watoto. Istilahi isiyoweza kusemwa mbele ya mkwe haitaenea, hata ikipitishwa na kamati ngapi.

Njia ya tatu ni kupanua maana ya neno lililopo, kama lugha ilivyofanya ilipochukua vumbi la Kiarabu na kulifanya ghubari. Neno lililopo ni kiwele. Linabeba maana ya pili ya mamma, ile iliyochaguliwa na ufafanuzi wa kimataifa wenyewe. Halikosi adabu, kwani mfugaji hulitaja kila siku. Lina wingi ulio tayari, viwele, na lina picha sahihi: kitu kilichojaa, laini, kinachoning'inia chini ya mwili mkubwa. Hata uhusiano wa sehemu na nzima umehifadhiwa, maana kiwele si ng'ombe bali ni sehemu ya ng'ombe, kama vile mamma si wingu bali ni umbo lililo chini ya wingu. Vivyo hivyo fuawe iko tayari kwa ajili ya kichwa kilichotandaa cha wingu la radi. Sentensi isemayo kwamba viwele vimeota chini ya fuawe ni Kiswahili kitupu, na ni sayansi sahihi.

Yupo atakayepinga kwamba mjini kizazi kipya hakikijui kiwele wala fuawe, na kwamba maneno ya zizi na kiwanda cha mhunzi yamepitwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inapiga pande zote mbili, kwa kuwa kizazi hicho hicho hakijui Kilatini. Kati ya neno ambalo bibi anaweza kumfafanulia mjukuu wake kwa kumwonyesha mbuzi, na neno ambalo wote wawili watalikariri bila picha, la kwanza lina nafasi bora ya kuishi. Tena kulichagua hakumlazimishi mtaalamu kuacha mamma katika ripoti anazobadilishana na wenzake wa Geneva au Entebbe. Atlasi ya mwaka 1896 ilikwisha kuonyesha njia: jina la wote kwa ajili ya wataalamu, na lugha hai kwa ajili ya kueleza.

Hitimisho

Historia ya wingu hili inaonyesha mambo matatu. Kwanza, majina ya kitaalamu yaliyoonekana kushuka kutoka juu yalikuwa, yalikotoka, maneno ya mfuko, lundo, nywele na kiwele. Pili, jina lililotolewa kwa kutazama vizuri huweza kusubiri maelezo yake kwa karne nzima na bado likafaa. Tatu, orodha ya majina haijafungwa, kwani mwaka 2017 iliongezwa, na watu wa kawaida walichangia.

Kazi inayobaki kwa vyuo na mabaraza ya Kiswahili ni ya aina mbili. Ipo ya kuunda, ambayo inajulikana. Ipo pia ya kusikiliza, ambayo haijafanywa vya kutosha: kwenda kwa manahodha wa Lamu na Unguja, kwa wavuvi wa Ukerewe na Rusinga, kwa wachuma chai na wafugaji, na kuwauliza wanaiitaje mifuko hiyo inapowaka chini ya wingu jua linapotua. Huenda wengine wana jina, kama wenyeji wa Orkney walivyokuwa nalo kabla ya Clouston kuliandika. Jina hilo likipatikana na likawa bora kuliko kiwele, kiwele na kikae pembeni. Lisipoulizwa, litakufa pamoja na mwenye nalo, na mtangazaji wa hali ya hewa ataendelea kutangaza mawingu bila kusema ni mawingu yapi.